Cluny na Mkate wa Marehemu



Novemba inapokaribia, bahasha zenye majina ya marehemu huanza kufika katika sakristia zetu, na pamoja nazo huja maswali. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ilitoka wapi? Wapo wanaodhani kwamba imeandikwa katika Biblia pamoja na tarehe yake, na wapo wanaodhani kwamba Papa fulani aliliamuru Kanisa zima siku moja, mambo yakaisha. Kumbe tarehe hiyo ilitoka katika nyumba moja ya wamonaki, kwenye mji mdogo wa Ufaransa uitwao Cluny. Tulipojaliwa kuuzuru mji huo tulikwenda na swali hilo, na pia lingine lililo gumu zaidi, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya Misa, watu wengine wakisha kuondoka: asiye na sadaka ya kuweka ndani ya bahasha, marehemu wake ataombewa na nani?

Cluny iko Burgundy, mashariki ya Ufaransa, katika bonde la mto Grosne, mwendo mfupi kwa basi kutoka Mâcon. Njiani ni mashamba ya mizabibu na malisho ya ng'ombe weupe wa nchi ile. Mji wenyewe una watu wapatao elfu tano, hauzidi baadhi ya tarafa zetu, lakini umejaa nyumba za mawe zilizojengwa tangu karne ya 12 na ya 13, nazo bado zinakaliwa na watu. Chini kuna duka la mkate au la dawa, juu kuna madirisha ya nguzo ndogo ndogo yaliyochongwa na mafundi waliokufa miaka mia nane iliyopita.

Mgeni anayefika akiwa na picha ya kanisa kubwa kichwani hupata mshangao. Kanisa halipo. Upo mnara mmoja wenye pembe nane, uitwao Mnara wa Maji ya Baraka, na chini yake upo mkono mmoja wa kanisa lililojengwa kwa umbo la msalaba, basi. Ukisimama ndani ya mkono huo na kuinua macho, dari iko juu kiasi cha mita 30, na shingo huuma kabla macho hayajashiba. Nao ulikuwa mkono tu. Kanisa zima lilikuwa na urefu wa mita 187, na kwa karne nne na zaidi hapakuwa na kanisa kubwa kuliko hilo katika Ukristo wa Magharibi, mpaka lilipojengwa upya Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma. Kilichobaki leo hakifiki sehemu moja ya kumi.

Lilikwendaje? Wengi hudhani ni vita au moto. Ilikuwa biashara. Mwaka 1790 Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta mashirika ya kitawa, na mwaka uliofuata wamonaki wa mwisho wakaondoka. Mwaka 1793 hati nyingi za abasia zilichomwa moto. Mwaka 1798 majengo yaliuzwa kama mali ya taifa, na wanunuzi wakayafanya machimbo ya mawe. Barabara ilipitishwa katikati ya kanisa, kuta zikabomolewa kidogo kidogo na mawe yakauzwa kwa mwenye kujenga, kazi iliyoendelea hadi mwaka 1823. Mahali palipokuwa na sehemu ya altare, Napoleon aliamuru pajengwe mazizi ya farasi wa serikali, na mazizi hayo yamejengwa kwa mawe yale yale. Yapo hata leo. Tuliyaona, ni majengo mazuri, na farasi hawana hatia yoyote. Lakini Padre anayesimama mlangoni pake akijua alipo, hana budi kunyamaza kidogo.

Sasa turudi mwanzo. Mwaka 910 Guillaume, mtawala wa Aquitaine, alitoa shamba lake la Cluny kwa abate mmoja aitwaye Berno ili aanzishe nyumba ya wamonaki chini ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kanuni ile ile wanayoifuata ndugu zetu wa Peramiho, Ndanda, Hanga na Mvimwa. Inasimuliwa kwamba Guillaume alisita, kwa kuwa mahali hapo alikuwa akifugia mbwa wake wa kuwindia, naye Berno akamtaka afikiri ni kipi kitakachomfaa zaidi mbele ya Mungu, mbwa wanaobweka au wamonaki wanaosali. Kama ni hadithi, ni hadithi njema.

Hati ya utoaji huo inajulikana mpaka leo, na inafaa kuisoma polepole. Guillaume anataja watu ambao anatoa mali hiyo kwa ajili ya roho zao: mfalme wake aliyefariki, baba na mama yake, yeye mwenyewe na mkewe Ingelberga, dada yake, jamaa zake na watumishi wake. Kisha anaagiza kwamba humo yafanyike kila siku matendo ya huruma kwa maskini, wahitaji, wageni na wapita njia. Anaiweka nyumba chini ya Mitume Petro na Paulo, asiingilie ndani yake mtawala yeyote wa kidunia, hata yeye mwenyewe wala ukoo wake. Na atakayethubutu kuinyang'anya anaapizwa kwa majina ya watu wabaya wa Maandiko, Dathani na Abiramu waliomezwa na ardhi, na Yuda aliyemsaliti Bwana. Zingatieni mambo mawili yaliyowekwa pamoja tangu siku ya kwanza: kuwaombea wafu na kuwalisha walio hai. Yote tutakayosema baadaye yanatokana na mambo hayo mawili.

Cluny ilipata neema ambayo ni adimu katika historia, yaani maabate wema walioishi miaka mingi. Baada ya Berno alikuja Mtakatifu Odo, akafuata Aymardo, kisha Mtakatifu Mayolo. Odilo aliongoza tangu mwaka 994 hadi 1049, na Hugo tangu 1049 hadi 1109. Wawili hao peke yao walitawala miaka 115! Chini yao nyumba zilizoifuata Cluny ziliongezeka zikawa mamia, nchini Ufaransa, Hispania, Italia, Ujerumani na Uingereza.

Kazi kuu ya wamonaki hao ilikuwa kusali. Mtakatifu Benedikto alipanga zaburi zote 150 zisaliwe katika juma moja. Cluny iliongeza zaburi juu ya zaburi na litania juu ya litania, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa kwa ajili ya marehemu. Mmonaki alipofariki, jina lake liliandikwa katika kitabu cha marehemu na habari zake zikapelekwa kwenye nyumba nyingine nazo zimwandike. Kila mwaka siku yake ilipofika, jina lilisomwa mbele ya wote. Baadhi ya vitabu hivyo vimesalimika, pamoja na kile cha watawa wa kike wa Marcigny, nyumba iliyoanzishwa na Mtakatifu Hugo. Wanahistoria wa Kijerumani walivikusanya na kuvilinganisha, kazi iliyotolewa mwaka 1982, na ni jina baada ya jina, makumi ya maelfu, mengi yakiwa ya watu ambao hakuna kingine chochote tunachokijua juu yao.

Lakini kilichotugusa kuliko vitabu ni mkate. Mmonaki wa Cluny alipokufa, sehemu yake ya chakula haikuondolewa mezani. Kwa siku 30 ilipewa maskini mmoja, kana kwamba marehemu bado anakula na nyumba bado inamhesabu. Na kila mwaka siku ya ukumbusho wake maskini alikula tena kwa jina lake. Hivyo jina lililosomwa asubuhi lilikuwa na mlaji wake. Kijiji chochote cha Afrika kinaelewa jambo hili bila kufundishwa, maana kwetu nako hakuna matanga bila chakula. Tofauti ni kwamba Cluny chakula cha msiba kilikwenda kwa asiyemjua marehemu wala hana la kulipa, ilhali kwetu siku hizi mara nyingi huwaelekea wenye magari. Tusamehewe kwa kusema hivyo.

Hapo ndipo alipotokea Odilo na siku yetu ya tarehe 2. Jotsaldo, mmonaki aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba mtu mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Yerusalemu alikutana na mkaapweke katika kisiwa, naye akamweleza kwamba huwasikia pepo wabaya wakilalamika. Walilalamika kwamba sala na sadaka za watu fulani zinawapokonya roho, na waliowachukia kuliko wote walikuwa wamonaki wa Cluny na abate wao. Mkaapweke akamsihi msafiri awafikishie habari ili waongeze juhudi. Si lazima kuamini kisiwa hicho. Inatosha kuona jinsi watu wa wakati ule walivyoieleza Cluny: ni nyumba ambayo shetani anailalamikia kwa sababu ya sala zake na kwa sababu ya mikate yake.

Amri ya Odilo mwenyewe ni kavu na ya vitendo. Mara nyingi huwekwa mwaka 998, ingawa wataalamu wengi huipeleka mbele karibu na mwaka 1030. Inaagiza kwamba nyumba zote za Cluny, zikisha kuadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Wote, ziwakumbuke waamini wote waliofariki tangu mwanzo wa ulimwengu hadi mwisho. Siku ya kwanza ya Novemba, wasimamizi na watunza ghala watoe mkate na divai kwa kila atakayefika, kama inavyofanyika Alhamisi Kuu. Baada ya Masifu ya Jioni kengele zote zipigwe na Masifu ya marehemu yaimbwe. Kesho yake mapadre wote waadhimishe Misa kwa ajili ya marehemu wote, na maskini 12 walishwe.

Kuwaombea wafu hakukuanza Cluny. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinajulikana na kila katekista. Na Mtakatifu Monika alipokuwa anakufa katika nchi ya ugeni alimwomba mwanawe Agostino jambo moja, akumbukwe altareni. Nyumba nyingine za kitawa zilikwisha kuwa na siku zao za kuwakumbuka ndugu zao, wafadhili wao na majirani zao. Kipya cha Odilo kimo katika neno "wote". Vitabu vya Cluny vilikuwa vya watu waliojulikana: wamonaki, na wakubwa waliotoa mashamba. Yule mchunga nguruwe aliyekufa msituni na mwanamke aliyezikwa wakati wa njaa bila jeneza hawakuwa na ukurasa. Tarehe 2 Novemba waliingizwa wote kwa pamoja, bila jina na bila malipo.

Basi swali lile linaloulizwa kwa sauti ya chini lilikwisha kujibiwa miaka elfu moja iliyopita, na jibu lake ndiyo siku yenyewe. Kanisa limeendelea kulilinda jibu hilo. Mwaka 1915, wakati vijana wa Ulaya walipokuwa wakifa kwa maelfu vitani, Papa Benedikto XV aliwaruhusu mapadre wote kuadhimisha Misa tatu siku hiyo. Moja tu kati ya hizo ndiyo Padre anaweza kuitolea kwa nia aliyopokelea sadaka. Ya pili lazima iwe kwa ajili ya marehemu wote, na ya tatu kwa nia za Baba Mtakatifu, na kwa hizo mbili haruhusiwi kupokea senti. Tunaandika hili wazi ili waamini walijue, na ili sisi mapadre tujue kwamba wanalijua.

Odilo hakuwa mtu wa maneno matupu. Katika miaka ya 1030 Burgundy ilikumbwa na njaa kali, ambayo mwandishi wa zama hizo aitwaye Raoul Glaber aliieleza kwa kutisha, naye Odilo akauza na kuyeyusha vyombo vya thamani vya kanisa ili kununua chakula cha maskini, pamoja na zawadi aliyokuwa ameitoa Kaisari Henri II.

Chini ya Mtakatifu Hugo, mrithi wake, mambo yalianza kubadilika, tena kwa nia njema. Hugo alikuwa mtu mkubwa. Alikuwepo Canossa mwaka 1077, Kaisari Henri IV, ambaye alikuwa mwana wake wa ubatizo, alipokuja kumwomba msamaha Papa Gregori VII. Wafalme walimpenda, na mmoja wao, Alfonso VI wa León na Castilla, aliahidi kuipa Cluny vipande 2,000 vya dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ilitoka hasa katika kodi walizomlipa watawala Waislamu wa Hispania. Badala yake mfalme aliwekewa sala za kudumu, akiwa hai na baada ya kufa, na kila siku nafasi katika meza kuu ya wamonaki. Chakula chake kiliandaliwa kana kwamba ameketi pale, kisha kikapewa maskini. Ni desturi ile ile ya mkate, ila sasa imenunuliwa.

Kwa nguvu ya dhahabu hiyo, mwaka 1088 Hugo alianza kulijenga lile kanisa la mita 187. Wamonaki walisimulia kwamba Mtakatifu Petro alimtokea mzee mgonjwa aitwaye Gunzo na kumpimia kwa kamba vipimo vya jengo. Mwezi Oktoba 1095 altare kuu ilibarikiwa na Papa Urbano II, ambaye zamani alikuwa mmonaki na msaidizi wa abate hapo hapo Cluny. Alikuwa njiani kuelekea Clermont, ambako mwezi uliofuata alihubiri vita vya msalaba. Kanisa zima lilitabarukiwa na Papa Innosenti II mwaka 1130.

Tulipokuwa tukiyatembelea mabaki hayo, mmoja wetu aliuliza kama ilikuwa dhambi kujenga kanisa kubwa namna ile. Si rahisi kujibu. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alijibu karibu mwaka 1125, kwa ukali wake wote, akiwashutumu wanaovika kuta dhahabu huku maskini wa Kristo wakikaa uchi. Sisi hatuthubutu kumsahihisha Bernardo, lakini twaona kwamba hakuwa na haki yote. Maskini aliyefika Cluny alilishwa kweli, siku zote, kwa idadi ambayo ni vigumu kuipata mahali pengine wakati ule. Tatizo la Cluny lilikuwa la hesabu. Wafu huongezeka kila mwaka na hawapungui kamwe. Kila aliyekufa aliongeza siku 30 za chakula na kumbukumbu moja ya kila mwaka hadi mwisho wa dunia. Mashamba hayakuongezeka hivyo, na dhahabu ya Hispania ilikauka vita vilipowageukia Wakristo huko.

Mwaka 1122 alichaguliwa abate Petro, ambaye historia imemwita Petro Mheshimiwa, kijana wa miaka thelathini hivi. Ameacha maelezo ya hali aliyoikuta, na yanasomeka kama taarifa ya kamati ya fedha ya parokia: nyumba kubwa, ya kitawa, yenye sifa, lakini maskini kabisa. Ndugu walikuwa 300 au zaidi, wakati mapato yake yenyewe hayakuweza kulisha hata 100, na juu yao wageni wengi siku zote na maskini wasio na idadi. Madeni yalikuwa mazito, mengine kwa wakopeshaji wa mjini. Petro alifanya kazi ya kuchosha ya kuhesabu. Alitembelea mashamba, akapanga kila shamba lileta nini na kwa mwezi gani, akapunguza matumizi. Katika miaka yake ya mwisho alimwita Henri wa Blois, Askofu wa Winchester, aliyekuwa amelelewa kama mmonaki wa Cluny na kujua mambo ya fedha, amsaidie kuandika orodha ya mali na kuokoa nyumba.

Mwisho aligusa kile ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa, mkate wa marehemu. Katika sheria alizozitoa aliamua kwamba kwa siku moja visitolewe zaidi ya vyakula 50 kwa majina ya wafu, hata kama katika kitabu siku hiyo ina majina mengi kuliko hayo. Sababu yake aliieleza bila kuficha: kwa kuwa wafu huongezeka bila mwisho, wangewafukuza walio hai. Hamsini kwa siku ni vyakula 18,250 kwa mwaka. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha kubana matumizi!

Tumekaa sana na uamuzi huo. Ni rahisi kusema kwamba Petro alipoza upendo. Lakini hakuyafuta majina. Yaliendelea kusomwa yote. Alichofanya ni kukiri kwamba ahadi zilizotolewa na waliomtangulia, nyingi kwa moyo safi na nyingine kwa dhahabu ya wafalme, hazikuweza kutimizwa na watu wa kawaida wenye mashamba ya kawaida. Familia iliyouza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya arobaini, na sasa watoto hawana ada ya shule, ingemwelewa Petro mara moja.

Wala hakuwa mtu mkavu. Mwaka 1140 alimpokea Petro Abelardo, mwalimu mashuhuri aliyekuwa amehukumiwa na Kanisa na kushindwa na maisha, akampatanisha na Bernardo, akamtunza. Abelardo alipokufa mwaka 1142, Petro aliupeleka mwili wake kwa Heloiza, aliyekuwa mkewe zamani na wakati huo mkuu wa watawa. Miongoni mwa mambo aliyoyaomba Heloiza, mawili ni haya. Aliomba aandikiwe maneno ya kumwondolea Abelardo dhambi zake, yenye muhuri, ili ayatundike juu ya kaburi. Tena aliomba kwamba naye mwenyewe, akifa, Cluny imtolee Misa 30. Abate yule yule aliyekuwa akihesabu mikate akamkubalia yote mawili.

Baada yake Cluny iliishi miaka 600 na zaidi, lakini hayo tuyapite upesi. Katika karne za mwisho maabate wengi walikuwa wakubwa wa siasa waliokula mapato bila kukaa na wamonaki, makardinali Richelieu na Mazarin wakiwa miongoni mwao. Wanunuzi wa mawe walipofika, jengo lilikuwa na wenyewe wachache sana. Tangu mwaka 1901 majengo ya karne ya 18 yanayozunguka ua wa ndani yametumiwa na chuo cha uhandisi, na vijana hupita na mikoba yao mahali walipopita wamonaki. Na tangu mwaka 1928 hadi 1950 Mmarekani mmoja, Kenneth John Conant, alichimba ardhi ya mji huo akitafuta misingi. Ni kwa kazi yake kwamba tunajua kanisa lilikuwaje.

Jengo moja la uchumi wa abasia limesalimika, nalo ndilo tulilokaa ndani yake muda mrefu kuliko mengine: ghala la unga. Lilijengwa katika karne ya 13, yaani baada ya Petro Mheshimiwa. Chini ni sakafu ya kuhifadhia divai, juu ni ukumbi mpana ambamo uliwekwa unga. Paa lake la mbao limeungwa kwa ufundi wa ajabu, na ukitazama juu unaona kama jahazi lililopinduliwa, mbavu zake zikiwa wazi. Mtu wa Bagamoyo au Lamu angelitambua bila kuelezwa.

Humo, katika ghala hilo, vimewekwa vichwa vya nguzo za mawe vilivyookotwa kutoka kanisa lililobomolewa. Ni vya nguzo zilizoizunguka altare kuu, mahali pale pale ambapo Misa za marehemu ziliadhimishwa. Kimoja kimechongwa mito minne ya paradiso na miti yake. Viwili vinaonyesha toni nane za nyimbo za Kanisa, kila toni ikiwa na mtu wake na maandishi yake ya Kilatini yaliyozungushwa. Baadhi ya watu hao wameshika vyombo vya muziki, na nyuso za wengine zimevunjika. Katika toni ya tatu yupo mpiga kinubi ameinama juu ya nyuzi zake, na maandishi yanayomzunguka yanataja ufufuko wa Kristo.